Abiria Anarudi: Niliyowaambia Vijana wa Mikumi Kuhusu Biashara na Mteja

(Vijana wa tawi letu hapa Mikumi waliniomba nizungumze nao kuhusu biashara ndogo. Wengi mliokosa nafasi ya kuingia ndani mliomba maandishi. Haya hapa, karibu kama nilivyoyasema. Nimeondoa tu zile dakika ambazo kipaza sauti kilikata na mkaniimbia.)

 

Nianze na kukiri. Mimi nasoma sheria, sijawahi kumiliki duka wala fremu. Nilichonacho ni miaka mingi ya kuosha sahani kwenye kibanda cha shangazi yangu, pale barabarani, ambapo wengi wenu mmekula na wengine bado mnadaiwa. Msicheke, daftari ninalo. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye sufuria la maharage. Kwa hiyo nikimsema mteja leo, namsema mtu aliyenisomesha.

Kabla sijaanza, kuna kamanda kaniuliza pale mlangoni: dada, sisi ni chama cha siasa, mambo ya kuuza chapati yanahusu nini? Nikamwambia yanahusu sana. Kijana ambaye jioni hana elfu mbili ya kula, kampeni zikija anapewa fulana na sahani ya pilau na anaambiwa aimbe. Na ataimba. Simlaumu, njaa haina itikadi. Ila kijana mwenye kibanda kinachomlisha, ukimpa fulana ataipokea, ataivaa akilimia, na kura yake atampa anayemtaka. Hilo tu. Sasa tuingie kwenye chapati.

Ilikuwa likizo yangu ya mwaka wa kwanza chuoni. Shangazi alikuwa amekwenda msibani Kidatu, akaniachia kibanda. Mchana basi moja la kutoka Mbeya likasimama abiria wachimbe dawa. Konda anapiga kelele, "Dakika tano, dakika tano!" Mama mmoja dirishani akaniita, akanunua ndizi za kuchoma na maji makubwa. Jumla elfu mbili. Akanipa noti ya elfu kumi.

Chenji nilikuwa nayo. Naomba mlisikie hilo vizuri, chenji nilikuwa nayo, imefungwa kwenye pindo la kanga. Lakini niliona dereva ameshapanda, nikapunguza mwendo wa vidole. Nikawa nafungua fundo kama mtu anayefungua zawadi. Basi likaondoka. Yule mama akatoa kichwa nje, akanitazama tu, hakusema neno. Nikabaki na elfu nane ambayo si yangu, na niliifurahia.

Shangazi aliporudi nikamsimulia kama mtu anayeleta habari njema. Hakunipiga, hakunigombeza. Akauliza, "Alivaaje?" Nikamweleza. "Basi la kampuni gani? Saa ngapi?" Nikamjibu. Baada ya hapo, kila basi la kampuni ile likisimama anamfuata konda anamuuliza. Mimi namcheka. Namwambia, shangazi, abiria huyo yuko Dar sasa hivi, hana kurudi. Akaniambia, "Mwanangu, barabara ina ncha mbili."

Wiki ya tatu konda mmoja akasema, huyo namjua, ni mwalimu Mafinga, mwisho wa mwezi hupita kwenda kumwona mama yake Morogoro. Shangazi akampa konda elfu nane kwenye bahasha. Mwisho wa mwezi yule mama alishuka mwenyewe. Akaja mpaka jikoni. Mimi nikajificha nyuma ya pipa la maji, nisiwadanganye. Hakuja kugombana, alikuja kula. Mpaka leo walimu wenzake wakikodi Coaster kwenda msibani au harusini, gari lao linasimama kwa shangazi, watu ishirini na kitu, wote wanakula.

Nimewasimulia kwa sababu hapa Mikumi ugonjwa wetu mkubwa ni huo: *abiria hana kurudi.* Tumezaliwa kwenye barabara kuu. Mbele yetu linapita basi la Iringa, la Songea, la Mbeya, la Tunduma, lori la Zambia, lori la Kongo. Upande mmoja tuna Hifadhi ya Taifa tangu 1964, na barabara inaikata hifadhi kwa kilomita kama 50, kwa hiyo mtu akitoka kule ametazama twiga na nyati, ana njaa, ana mkojo, anataka kusimama. Upande mwingine kuna njia panda ya Kidatu na Ifakara. Watu hawatuishii. Na kwa sababu hawatuishii, tumeamini kwamba kila mmoja ni wa kukamuliwa mara moja.

Haya, tupige hesabu, maana hesabu haina chama. Chukua dereva wa lori na utingo wake. Wanapita hapa mara nne kwa mwezi, kwenda na kurudi safari mbili. Kila mmoja anakula sahani ya elfu nne na soda ya elfu moja. Watu wawili, elfu kumi kwa kusimama mara moja. Mara nne, elfu arobaini kwa mwezi. Kwa mwaka ni laki nne na elfu themanini. Hilo ni lori moja. Sasa linganisha na elfu nane yangu ya kwenye kanga. Nani mjanja pale?

Na madereva wanaongea. Wana redio zao, wana makundi yao ya WhatsApp. Ukimpa dereva mmoja nyama iliyochacha, kabla hajafika Ruaha Mbuyuni wenzake kumi wanajua. Tangazo hilo hulilipii na huwezi kulifuta.

Hapa mtu atasema, mbona hoteli fulani kubwa zinauza chakula kibovu kwa bei ya juu na zimejaa? Jibu mnalijua. Mnajua utaratibu wa barabara yetu: basi linaposimama kula, mara nyingi dereva na konda hawalipi. Abiria hakuchagua pale, amepelekwa. Mteja halisi wa hoteli ile ni dereva, na anahudumiwa vizuri kweli, paja la kuku limemfunika sahani. Abiria ni mzigo ulioletwa. Mimi siwaambii muige hilo, na mkitaka hamwezi, hamna mtaji wa kulisha madereva. Ila linatufundisha kitu: huduma nzuri inakwenda kwa yule ambaye mwenye biashara anaamini atarudi. Basi sisi wadogo tuamue kuamini kwamba na abiria naye anarudi.

Sasa niseme mambo ambayo nimeyaona kwa macho yangu, mengine kwa aibu.

La kwanza ni choo. Mtaniwia radhi. Tunapaka rangi mbele, tunaweka bango la kampuni ya simu, tunafungulia muziki mpaka mteja hasikiki anachoagiza, na nyuma choo hakina maji. Mwanamke aliyetoka Dar alfajiri akiwa na mtoto mdogo, cha kwanza anachotafuta si wali. Shangazi ana choo cha shimo, cha kawaida kabisa, lakini kina mlango unaofunga kwa ndani, dumu la maji na kipande cha sabuni, na haulizi "umenunua?" Anasema, "Karibu mama, pale nyuma." Wengi hutoka chooni wakanunua. Wasionunua leo wanakumbuka mahali. Nimeona vibanda vinavyotoza choo shilingi mia tatu na kufukuza mteja wa elfu tano.

La pili ni mdomo. "Hununui, basi usinichafulie vitu." "Kama huna hela, pita." Kumvuta dada wa watu mkono. Kumwita mtu mzima "oya" halafu unataka akupe hela. Kule nyumbani tunaamkia vizuri, tunasema karibu, tunasema pole na safari. Tukivaa aproni tu adabu yote tunaiacha nyumbani. Pole na safari haina gharama, na kwa mtu aliyekaa kwenye kiti saa tano ina uzito kuliko punguzo la bei.

Lakini hapa nisiwaonee wafanyakazi. Wengi wanaonuna mbele ya mteja ni mabinti walioajiriwa kwa maneno matupu, wamelipwa nusu mwezi, nusu nyingine "subiri biashara ichanganye". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haisemi kwamba mama lishe hahusiki. Ukiajiri, umeajiri: unapaswa kumpa maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na ujira wake ni haki yake biashara ikichanganya au isipochanganya. Unataka atabasamu? Mlipe. Sisi ndio tunaosimama majukwaani kudai haki za wanyonge, halafu dada wa jikoni anatudai. Naona kuna watu wameanza kutazama sakafu.

La tatu ni bei. Nani alituambia kuandika bei ni ushamba? Mtu anauliza "nyanya sado bei gani?" unamtazama viatu kwanza. Akiwa mtalii, bei inapanda. Gari likiwa na namba ya serikali, inapanda zaidi. Mteja wa leo ana simu, ana ndugu yake alinunua jana hapo hapo. Andika bei kwenye kipande cha boksi, kwa kalamu nene, ukibandike. Mwenye basi linalotaka kuondoka hana muda wa maelewano; akiona bei anatoa hela, asipoiona anakaa kwenye kiti chake. Na kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inakataza kumpotosha mlaji, yaani kumwambia asali ni ya nyuki wa porini kumbe umechemsha sukari guru. Hilo si ujanja, ni kosa. Na lile bango la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" si kinga kama mnavyodhani. Ukiuza chaja iliyokufa imekufa, mteja ana haki zake hata bango lako liwe la dhahabu. Mrudishie hela yake au mbadilishie, mwambie samahani, maisha yaendelee. Nimeona mtu anabishana nusu saa kwa ajili ya chaja ya elfu tatu, na wateja wanne wamesimama wanatazama, wameondoka wote.

Sasa nije kwenye jambo litakalowakera. Tunachagua wateja kwa rangi ya nguo.

Tusifichane. Kuna kamanda mwenzetu, simtaji na hayupo hapa, ana genge zuri la matunda. Mama mmoja alikwenda na kanga ya kijani, kamanda akamwambia akanunue kwa wenye chama. Mkasikia, mkashangilia kwenye kundi letu la WhatsApp. Mimi sikushangilia. Yule mama alikwenda kununua papai, hakwenda kujadili katiba. Amebeba kanga aliyogawiwa, labda ndiyo pekee iliyokuwa safi siku hiyo. Sasa kamanda kapoteza papai, kapoteza mama, na kapoteza nafasi ya kusikilizwa na mama yule siku nyingine yoyote. Hapa ndipo biashara na siasa zinapofanana mpaka inachekesha: mtu uliyemfukuza kwenye genge hatakufungulia mlango ukienda kuomba kura.

Wakubwa mnakumbuka 2015. Jimbo hili lilimpeleka bungeni Joseph Haule, Profesa Jay, kwa tiketi ya CHADEMA. Kuna sababu nyingi, lakini moja ni kwamba kabla hajagonga mlango wowote kuomba kura, watu walishaimba nyimbo zake kwa miaka. Jina lilitangulia. Mwaka 2020 kiti kikatangazwa kwa CCM, na hayo tuna maoni yetu, leo si siku yake. Ninachosema, jina linajengwa polepole na watu wa kila rangi.

Wahenga wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Naomba leo niwapinge wahenga kwa heshima zote. Hapa Mikumi chema kimekaa nyuma ya lori kimepoa, na kibaya kimepelekwa mpaka dirishani kikanunuliwa. Chema nacho kinahitaji kutembezwa.

Namna gani? Sitawadanganya kwamba mnahitaji mtaalamu. Shangazi hajui kuandika ujumbe mrefu. Anachofanya ni hiki: kila siku asubuhi anapiga picha moja ya sufuria likifuka moshi, karibu na mlango ambako kuna mwanga, anaiweka stetasi ya WhatsApp. Chini anaandika maneno matatu: "Leo samaki, maharage." Basi. Madereva aliowapa namba wanaiona wakiwa bado Morogoro au Mafinga. Wanampigia: "Mama, niwekee wawili, nafika saa saba." Yaani chakula kimeshauzwa kabla hakijaiva. Mwanzoni mimi nilimtengenezea bango la rangi kwenye simu, lina maua na mtu mzungu anakula saladi. Lilionekana zuri sana na halikuleta mtu hata mmoja. Picha ya sufuria lake mwenyewe, lenye masizi, ndiyo iliyoleta watu.

Angalizo la mwanasheria mtarajiwa: namba ya mteja amekupa ili umwambie kuna samaki. Hakukupa ili umwingize kwenye makundi matano au umpe mtu wa mikopo. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata kama isingekuwepo, mteja aliyesumbuliwa anakuzuia kwenye simu na hurudi tena kwake.

Tena mwekeni namba ya malipo mahali inapoonekana. Julai 2021 tozo ya miamala ilipoanza, kibandani kwetu watu walirudi kwenye noti na ile shida ya chenji ikarudi pale pale. Tulipiga kelele, na tulikuwa na haki ya kupiga kelele. Lakini mteja anayelipa kwa simu leo akute namba imebandikwa ukutani, si mpaka umwite mtoto aje aisome kwa kichwa. Na wa noti, basi likikaribia kusimama, chenji iwe tayari mkononi, si kwenye kanga. Mnajua ni nani anayewaambia.

Sasa jambo zito. Kwa nini nasisitiza mteja anayekujua kwa jina na namba, na si eneo? Kwa sababu eneo si letu.

Wengi wetu tumejenga ndani ya hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ikawa mita 60 kwa barabara kuu, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Ukipima kutoka mstari mweupe mpaka meza yako ya chapati, utajua mwenyewe. X nyekundu ikipigwa siku hiyo, mimi nitakuja na vifungu vyangu, tutadai tupewe notisi ya haki na mahali pengine pa kufanyia kazi, tutapambana. Lakini nisiwape matumaini ya uongo: aliyejenga ndani ya hifadhi baada ya sheria, kesi yake ni ngumu. Siku hiyo mwenye meza tu ataondoka na meza. Mwenye namba za wateja 200 ataweka stetasi: "Tumehamia nyuma ya stendi, leo samaki."

Na barabara yenyewe inabadilika. Oktoba 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya zuio la karibu miaka 30. Basi lililokuwa linapita hapa mchana likatuachia hela, sasa lingine linapita usiku wa manane wewe umelala. Wapo waliolalamika kwamba biashara imekufa. Wapo wawili watatu waliohamisha saa. Shangazi alikuwa wa kulalamika kwanza, nisimpambe. Kwa miezi mingi alilala saa tatu huku akisema vijana wameharibu nchi. Halafu akaanza kuamka usiku na chai ya tangawizi, chapati na supu, taa moja kubwa, na binti wa kumsaidia anayelala mchana. Na wenzetu wa Dumila na Gairo wanaweza kutuambia mengine: tangu treni ya SGR ifike Dodoma katikati ya 2024, ikipitia Kilosa hapo hapo wilayani kwetu, abiria wengi wa Dodoma wamehamia relini. Hakuna aliyewauliza wauza mahindi. Hata sisi hatutaulizwa.

Nimalizie na daftari, halafu niwaambie kwa nini leo nimeongea kwa uchungu kidogo.

Wengi hapa mnaogopa kuandika mauzo kwa sababu mnaona daftari ni shahidi wa TRA. Kinyume chake. Kwa viwango vilivyowekwa na marekebisho ya 2019, mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka halipi kodi ya mapato. Ndiyo kundi lile lililouziwa vitambulisho vya elfu ishirini kuanzia mwisho wa 2018. Ukiuza elfu kumi na tano kwa siku, siku 360, umefika milioni 5 na laki nne, umevuka. Sasa sikilizeni: usipokuwa na kumbukumbu, ngazi hiyo ni laki moja kwa mwaka. Ukiwa na kumbukumbu, ni asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Asilimia 3 ya milioni 1 na laki nne ni elfu 42. Daftari la shilingi elfu moja limekuokolea elfu 58. Kuna mtu anaandika? Andikeni.

Daftari hilo hilo ndilo lililomwonyesha shangazi kwamba Jumatatu hauzi nyama, na kwamba mkopo wake unakula faida yote ya maharage.

Ndiyo, mkopo. Ameniruhusu niseme. Kikundi chao cha akina mama kilikuwa kinasubiri mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo kwa sheria inagawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Mwaka 2023 mikopo ile ikasimamishwa nchi nzima, baada ya CAG kuonyesha fedha zilivyopotea kwenye vikundi hewa. Walioiba hawakuwa akina mama hawa, ila waliofungiwa mlango ni wao. Ikarejeshwa 2024, lakini sufuria haliwezi kusubiri mwaka mzima. Jokofu lilikufa. Akachukua kausha damu, laki tano, marejesho kila wiki. Akashindwa, akachukua mwingine kulipa wa kwanza.

Mkusanyaji akawa anakuja saa za chakula. Makusudi. Anakaa benchi la mbele anadai kwa sauti, wateja wanakula huku mwenye chakula anatukanwa. Dereva mmoja wa siku nyingi aliacha sahani nusu, akasema, "Mama, nitarudi siku nyingine." Shangazi alilia siku ile, si kwa sababu ya matusi. Alilia kwa sababu ya ile sahani.

Mimi nikarudi na sheria yangu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inasema huwezi kufanya biashara ya kukopesha bila leseni. Nikamwomba yule bwana anionyeshe leseni. Hakuwa nayo. Tukakubaliana kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji: deni moja, riba imesimama, marejesho yanapelekwa na sisi, yeye haji tena kibandani. Wa kwenu mnaodaiwa hivyo, ombeni leseni kwanza, kwa adabu, na mwe na shahidi.

Lakini sheria ilimwondoa tu yule bwana kwenye benchi. Deni lenyewe limelipwa na chai ya usiku, picha za sufuria, na lile dumu la maji chooni. Yule dereva alirudi. Aliona stetasi ya samaki, akapiga simu akiwa Doma.

Mkitoka hapa, walio tayari tuonane Jumamosi saa nne kwa shangazi, kila mmoja aje na daftari lake na bei zake tuziandike kwenye boksi. Kalamu nene ninayo. Marejesho yake ya mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo, bado elfu thelathini na tano. Mnaodaiwa, mnajijua, ukurasa wa mwisho. Na mwenye njaa aje ale, ila alipe.